Feni mpya ya prosesa: kelele zimeisha, vidole ndo vimeumia

Basi nimeifunga hii ya mnara, yaani kipoza joto kirefu kinachokaa juu ya prosesa, feni moja ya milimita 120 na mirija minne ya shaba, na kusema ukweli kazi inafanya. Ile iliyokuja na mashine nikifungua gemu inanguruma kama inataka kupaa na joto linagonga nyuzi 91, sasa hivi gemu lile lile prosesa haivuki 70 na feni hata siisikii.

Ila kuifunga sasa! Pesti ya zamani, ile ya kupitisha joto toka kwa prosesa, ilishakauka kama gundi, mimi nikakivuta tu juu kipoza joto cha zamani, prosesa ikang'oka nacho kwenye soketi, AM4 hiyo (aina ya soketi ya AMD), kale kamkono kake hakazuii kitu ukivuta kwa nguvu, nilihisi moyo unasimama. Bahati hakuna pini iliyopinda. Washa mashine kwanza ipate joto, zima, chomoa umeme, halafu zungusha kipoza joto chote taratibu kulia kushoto ndo uinue.

Karatasi ya maelekezo ni michoro mitupu. Skrubu kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, usimalize upande mmoja. Na ile nailoni ya chini ya kipoza joto ibandue jamani, mimi nusura niisahau.

Pima kesi (boksi la kompyuta) kabla hujanunua, hii ina urefu wa kwenda juu wa milimita 155, mlango wangu umefunga kwa kubembeleza, na ramu zangu ndefu (vile vijiti vya kumbukumbu) zimenilazimisha kuisogeza feni juu kidogo.

Nyota nne. Moja nimekata kwa ajili ya zile klipu za waya za kushikia feni, zimenichana kidole.