Dari ya Nyumba ya Tanga: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Uiache Dukani

Siku hizi anayekarabati nyumba Tanga huanzia juu: silingi bodi kuukuu inashushwa, dari mpya inapanda, taa za kuzama zinawekwa, ndipo rangi na marumaru vifuate. Shida ni kwamba picha nyingi wanazoonyeshwa mafundi kwenye simu zimepigwa kwenye nyumba za miji yenye hewa kavu. Huku kwetu kuna chumvi hewani, masika ya Machi hadi Mei, mchwa na popo. Kwa hiyo tumezipanga dari kwa kuangalia kwanza zinavyohimili unyevu, na uzuri baadaye. Bei hatukuweka kwa kuwa hazikai. Wewe linganisha kwa mita ya mraba badala ya kipande, na ujumlishe fremu, skurubu, mikanda (ile ya urembo inayoziba pembe ya dari na ukuta) na ufundi.

Kabla ya kutoa hela yoyote, kagua paa. Ingia darini mchana, zima tochi, utafute vitobo vya mwanga. Halafu subiri mvua moja kubwa uingie tena. Mara nyingi maji hupita kwenye misumari ambayo mpira wake umekauka, kwenye kofia (bati la mgongo wa paa), na pale bati linapokutana na ukuta. Ukifunga dari juu ya paa linalovuja, umelificha tatizo mpaka doa la kahawia litokee katikati ya sebule.

Kama nyumba ni ya zamani na ina shiti ngumu za kijivu zinazofanana na saruji yenye nyuzi, zichukulie kuwa ni asbesto mpaka ithibitike vinginevyo. Usizivunje, usizitoboe, usizifagie zikiwa kavu. Vumbi lake husababisha saratani. Uliza halmashauri utaratibu wa kuziondoa kabla fundi hajashika nyundo.

1. Jipsamu bapa, kwa vyumba na sebule

Hii ndiyo ya kwanza kwetu, kwa sharti kwamba paa ni zima. Haishiki moto upesi, inapakwa rangi yoyote, na kipande kikiharibika hukatwa na kuzibwa bila kushusha dari yote. Ubaya wake ni maji. Bodi ni unga wa jipsamu uliobanwa katikati ya karatasi mbili. Ikilowa hulegea, hubonyea, na ukungu hula ile karatasi.

Shiti moja ni mita 1.2 kwa 2.4, yaani mita za mraba 2.88. Chumba cha mita 4 kwa 4 kina mita za mraba 16, hivyo kwa hesabu tupu ni shiti 6. Nunua 7 kwa ajili ya vipande na ajali. Unene wa milimita 9 unatosha kama fremu imepangwa kila sentimita 40. Fundi akikuambia 60 ili kuokoa mbao, kataa, kwa sababu bodi ya milimita 9 kwa nafasi hiyo huanza kushuka tumbo baada ya misimu michache ya unyevu. Dukani angalia pembe. Zilizopondeka au zenye karatasi iliyoachia ziliwahi kulowa au kuangushwa. Nyumbani zilaze bapa juu ya mbao, usiziegemeze ukutani.

Kwenye skurubu ndipo kazi nyingi za pwani zinapoharibikia. Zile nyeusi za bei poa zina kinga ndogo dhidi ya kutu. Hewa ya Raskazone au ya njia ya Pangani huzila, na baada ya muda dari nyeupe inatokwa na nukta za kahawia zilizojipanga kama vifungo vya shati. Nunua zilizopakwa zinki: urefu wa milimita 25 kwa fremu ya chuma, 35 kwa mbao. Hesabu karibu 50 kwa shiti, yaani moja kila sentimita 20. Kichwa kizame kidogo chini ya karatasi bila kuichana, kwani karatasi ikichanika skurubu hiyo haishiki kitu. Fundi afunge nyingine pembeni yake.

Kuhusu fremu, mafundi wengi hapa hufunga blandaringi, yaani fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2. Sawa, ila iwe mbao kavu yenye dawa. Mwambie muuzaji aikate mbele yako: ukijani wa dawa unatakiwa uonekane umeingia ndani, usiishie kwenye ngozi. Mbao mbichi ikikauka hujipinda na maungio yote ya dari hupasuka, halafu lawama zinamwendea fundi rangi. Fremu ya chuma cha mabati haina mchwa na hunyooka vizuri zaidi, lakini ncha zilizokatwa hupoteza kinga yake, kwa hiyo zipakwe rangi ya zinki kabla ya kupanda. Nyumba iliyo karibu na bahari tungeifunga mbao. Ya Kange au Pongwe, mbali kidogo na bahari, chuma.

Maungio yapate tepu ya nyuzi na mikono mitatu ya unga wa kuzibia, kila mkono ukauke kabisa. Wakati wa masika mkono mmoja unaweza kuchukua siku nzima na zaidi, na fundi anayelipwa kwa kazi atataka kuharakisha. Rangi ikipigwa juu ya unga mbichi hubanduka.

Halafu mikanda. Iliyo mizuri humwagwa kwenye kalibu ikiwa na nyuzi za katani ndani. Ugeuze mgongo uzione. Mkoa uliopokea mkonge tangu 1893 hauna sababu ya kununua mkanda usio na katani, unaokatika mkononi kabla haujafika ukutani.

Neno kuhusu zile dari za ngazi mbili tatu zenye taa za utepe: zimeenea, na wateja wengine wameshaanza kurudi kwenye dari bapa. Kila ngazi hula sentimita 10 hadi 15 za urefu, na panga za feni zinatakiwa ziwe angalau mita 2.1 kutoka sakafuni. Kwa joto la Januari la Tanga, mwenye akili huchagua feni. Ndoano ya feni ifungwe kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) au kwenye mbao iliyopachikwa katikati ya kenchi mbili, isining'inie kwenye bodi.

2. PVC, kwa bafu, jiko la gesi na baraza

Kwenye bafu PVC, yaani paneli za plastiki, inaishinda jipsamu bila ubishi: hailowi, haioti ukungu ndani, mchwa hawaitaki, hufutwa kwa kitambaa. Tumeiweka ya pili kwa sababu ya moto na joto. Hulainika kwenye joto ambalo jipsamu hailisikii, na ikiungua hutoa moshi wa sumu. Juu ya jiko la mkaa au kuni usiiweke kabisa. Taa za kuzama ziwe LED, si balbu za moto.

Hapa hasara kubwa hutokana na urefu. Tuseme paneli ni za upana wa sentimita 25 na urefu wa mita 5.8. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinataka paneli 16, na kila moja inabakiza kipande cha mita 1.8 kisichofaa popote. Baraza ya upana wa mita 2.8 hutoa vipande viwili kwa kila paneli, karibu bila mabaki. Pima kwanza, halafu uliza duka lina urefu gani. Wakati mwingine za mita 3 zenye bei kubwa kidogo kwa mita ndizo za nafuu mwishoni.

Ukiwa dukani, bana paneli kwa vidole viwili. Ikibonyea kirahisi au ulimi wake ukikatika ukiupinda kidogo, imejazwa chokaa nyingi, iache. Nunua zote kwa mkupuo mmoja, maana rangi ya mzigo unaofuata huwa haifanani.

Wakati wa kufunga, acha nafasi ya milimita 5 kila ncha, ijifiche ndani ya mkanda wa pembeni. Paneli ya mita 4 huongezeka karibu milimita 5 joto likipanda nyuzi 20, na chini ya bati la Februari nyuzi hizo ni kitu cha kawaida. Ikikosa pa kwenda, inajikunja mawimbi.

3. Mbao

Nyembamba zenye ulimi na mfereji, zimepigwa vanishi, hupendeza sana kwenye baraza na kwenye nyumba za zamani zenye boriti. Ziwe na dawa pande zote, mgongo pia, kabla ya kupigiliwa. Gharama na matunzo ndivyo vinavyoziweka ya tatu, kwani vanishi ya baraza hurudiwa kila baada ya miaka michache.

4. Bodi za saruji na nyuzi

Za kisasa zisizo na asbesto hazijali maji. Ni nzito, zinavunjika pembeni, na maungio yake hayafichiki, kwa hiyo mahali pake ni dari ya nje chini ya fashabodi (ubao wa ukingo wa paa). Sehemu hiyo iachiwe matundu ya hewa ili joto la bati litoke, na kila tundu lifunikwe wavu wa chuma usiopenyeka hata kidole. Popo hupita kwenye upenyo mdogo sana, na mkojo wao ukishazama kwenye jipsamu harufu haitoki kwa rangi.

5. Plaiwudi na hadibodi

Rahisi kununua, rahisi kuharibika. Hadibodi hujikunja msimu wa kwanza wa mvua; plaiwudi ya kawaida huachia matabaka, na mchwa wakiipata huila kimyakimya kwa juu. Kwa stoo au banda la muda sawa, kwa nyumba ya kuishi hapana.

Dari yoyote utakayochagua, wayaringi ipite ndani ya mabomba na ikaguliwe kabla ya kufunga, na uache mlango wa darini wa sentimita 60 kwa 60 kwenye korido. Uache mahali ambapo ngazi inasimama vizuri, mbali na tangi la maji kama liko juu.