MSI B450 Tomahawk MAX: mazabodi inayokuonyesha ilipokwama

Anayetaka kuisukuma prosesa kupita mwendo wa kiwandani achague mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, kwa namna inavyomtoa shimoni mipangilio inapogoma. Mwendo wenyewe utakuja baadaye. Kwa kipimo hicho, MSI B450 Tomahawk MAX ya mwaka wa 2019 bado ndiyo ninayompendekezea mtu mwenye Ryzen, prosesa ya AMD, na mfuko wa kawaida.

Mimi nahariri video za harusi na ruracio (sherehe za mahari) nikiwa nyumbani, Kahawa West, Nairobi. Prosesa yangu ni Ryzen 5 3600, yenye core 6, na bodi niliipata mtumba Luthuli Avenue kwa shilingi elfu tisa. Kazi ikiwa ya kamera tatu, kila dakika ninayookoa kwenye kurenda, yaani kompyuta inapotengeneza video ya mwisho, ni dakika ya kulala, kwa hiyo suala la kasi nalichukulia kwa uzito.

Kilichonifanya niipende ni taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Ukiwasha kompyuta, bodi hukagua kiungo kimoja baada ya kingine, na kile kinachogoma taa yake hubaki inawaka. Nilipoongeza RAM zikawa nne za GB 8, nikawasha A-XMP, mpangilio wa kuharakisha RAM, ili zikimbie kwa mwendo wa 3600 (MT/s), skrini ilibaki nyeusi na taa ya DRAM haikuzimika. Hapo sikuwa na haja ya kuikisia kadi ya grafiki wala pawasaplai. Bodi ilijizima na kujiwasha yenyewe mara kadhaa, kisha ikarudi kwenye mwendo wa kawaida wa RAM na kuniruhusu niingie BIOS, programu ya mipangilio iliyo ndani ya bodi.

Kiini cha tatizo kilikuwa mzigo. AMD yenyewe inaahidi 3200 kwa RAM mbili kwenye prosesa hii, lakini ukijaza nafasi zote nne kiwango rasmi kinashuka hadi 2933, au 2667 kama RAM zina chipu pande mbili. Mimi nilitulia kwenye 3200: volteji ya RAM 1.35, ya SoC (sehemu ya prosesa inayoongoza RAM) 1.1, na FCLK (mwendo wa njia ya data ndani ya prosesa) 1600 ili iende sambamba na RAM. Mwenye RAM mbili tu azichomeke nafasi ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa. Hapo 3600 na FCLK 1800 huwa inawezekana.

Msidanganyike na Windows kufunguka. Kati ya 3200 na 3600 kuna mahali ambapo kila kitu kinaonekana shwari, halafu kurenda kunakatika katikati ya hotuba ya baba wa bi harusi. Niliweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi nikaiacha ikikagua usiku. Mistari myekundu ya makosa ilipotokea, nikashusha mwendo bila kubishana. RAM yenye kosa hata moja inaweza kuharibu faili ya mteja kimyakimya, na harusi hairudiwi.

Upande wa prosesa, niliipa core zote 4.1 GHz kwa volteji 1.3. Ilikuwa inazima mara tu mzigo ukipanda, kwa sababu volteji hushuka kidogo prosesa inapofanya kazi nzito. Badala ya kuongeza volteji, nilienda kwenye Loadline Calibration, mpangilio wa kuzuia huko kushuka, nikaiweka kiwango cha katikati, na uzimaji ukaisha. Faida yake kwenye kurenda ipo ila ni ndogo. Kwa Ryzen hizi, RAM iliyopangwa vizuri inalipa zaidi. Na kumbukeni Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, hivyo feni huondoa joto pungufu kidogo kwa kila mzunguko. Baridi ya Julai inasaidia, lakini Februari mchana kipozaji kinachokuja na prosesa hakitoshi. Nilinunua kikubwa zaidi.

Mapungufu yapo. Haina kitufe cha kufuta mipangilio ya BIOS: inabidi uzime stima, ufungue kasha na ugusanishe pini mbili za JBAT1 kwa bisibisi. Haina pia kioo cha namba za makosa kama bodi za bei kali. Ila ina kitufe cha Flash BIOS nyuma, nacho ni mkombozi: unaweka faili iliyopewa jina MSI.ROM kwenye flashi ya FAT32, unabonyeza, na BIOS inaandikwa upya hata kama hakuna prosesa ndani. Kwetu, ambako stima inaweza kupotea katikati ya kusasisha, hicho kitufe peke yake kinatosha kuichagua bodi hii.

Mkienda kutafuta, hakikisheni imeandikwa MAX. Ile isiyo MAX ina chipu ya BIOS ya MB 16, nusu ya hii. Muuzaji wangu alisema, "Madam, hii haina shida, beba tu." Nikamjibu, "Asante kaka, lakini iwashe kwanza nione taa." Akatafuta prosesa, RAM, kadi ya grafiki na diski, akaiwasha juu ya meza, taa zote nne zikazimika. Ndipo nikalipa.