Rodi ipi ununue? Mwongozo kwa karakana za Nyanda za Juu Kusini

Ukiingia duka la vifaa pale Mwanjelwa au Makambako ukaomba rodi za kuchomelea, mara nyingi utaulizwa swali moja tu: geji 10 au geji 12? Unene una umuhimu wake, lakini maswali mawili yanautangulia. Unaunga chuma gani, na kiungo hicho kitabeba nini? Geti la nyumba Ilomba na mkono wa tela linaloteremka Kitonga na mbao za Mafinga havinunuliwi rodi kwa hesabu moja. Mshono wa geti ukiachia, utaitwa urudie kazi. Wa tela ukiachia, kuna watu barabarani.

Jifunze kusoma namba kwenye pakiti. Katika E6013, 60 ni nguvu ya mshono, yaani pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Namba 1 inayofuata ina maana rodi inachomelea mkao wowote: chini, wima hata juu ya kichwa. Tarakimu mbili za mwisho zikisomwa pamoja zinaeleza aina ya dawa iliyopakwa na umeme unaofaa. Pakiti isiyo na namba hiyo iache dukani hata ikiwa bei yake ni nusu.

Nafasi ya kwanza, kwa karakana ndogo, naipa E6013 ya milimita 2.5, ndiyo geji 12. Inawaka kirahisi, gamba lake linalofunika mshono linabanduka bila vita, na inakubali hata mashine za transfoma zinazosukwa mitaani. Mageti, grili, meza za shule, fremu za madirisha, vyote ni kazi yake. Iweke kati ya ampea 60 na 90. Ukichomelea skweya pipe nyembamba anza chini kabisa, la sivyo utatoboa. Ya milimita 3.2 inataka ampea 90 hadi 130, nayo ni ya anglaini na flatibaa nene. Udhaifu wa 6013 ni kwamba haizami sana, na mshono wake hubaki na haidrojeni nyingi. Kwa chuma kinene kinachobeba mzigo, usiitumie.

Ya pili ni E7018, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kujua. Kwa nguvu inaizidi 6013: pauni 70,000. Dawa yake ina chokaa na unga wa chuma, na imetengenezwa ili haidrojeni kidogo sana iingie kwenye mshono. Haidrojeni ndiyo adui wa chuma kinene na chuma kigumu. Inajificha pembeni mwa mshono, kisha baada ya saa kadhaa, hata siku, ufa unajitokeza mahali ulipopaona pazuri. Kwa hiyo chesisi, mkono wa tela, jeki, na viungo vya plau ni kazi za 7018.

Lakini faida hiyo yote inategemea ukavu. Dawa ya 7018 inanyonya unyevu hewani, na sisi tunaishi kwenye unyevu: Tukuyu mvua hazina likizo ndefu, na Njombe ukungu unaingia mpaka stoo. Pakiti iliyofunguliwa na kukaa rafu wiki nzima imeshaacha kuwa rodi ya haidrojeni ndogo, ingawa namba bado imeandikwa. Kuanika juani hakutoshi. Kuikausha kunataka oveni ya nyuzi 300 hivi za Selsiasi na zaidi, kwa saa moja au mbili, kama mtengenezaji anavyoelekeza. Basi nunua pakiti ndogo zilizozibwa na plastiki isiyotoboka. Mwombe muuzaji akufungulie sanduku uangalie: kutu kwenye ncha isiyo na dawa, au unga mweupe juu ya dawa, ni dalili kwamba maji yameshafika. Usichukue.

Jambo jingine ni mashine. 7018 inapenda inveta, yaani mashine ya kielektroniki, ya umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja), rodi ikiwa upande wa chanya. Kuna za AC (umeme unaogeuka-geuka mwelekeo) pia, ila zinahitaji mashine yenye volti 70 hivi kabla rodi haijagusa chuma. Transfoma dhaifu itakufanya ugonge rodi ikinata, mpaka dawa yote imebanduka. Mwenye mashine ya aina hiyo asinunue 7018 kwanza, anunue inveta.

Ya tatu ni E309L, rodi ya chuma cha pua. Ukanda huu una ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo vyombo vya chuma cha pua vinafika karakana mara kwa mara. Chuma cha pua cha aina ya 304 kwa 304 tumia E308L. Ukiunga chuma cha pua na chuma cha kawaida, tuseme miguu ya tangi, chukua 309L. Ina kromiamu asilimia 23 hivi na nikeli 13 hivi, kwa makusudi: chuma cha kawaida kikiyeyuka na kuchanganyika nayo, kinachobaki bado kinatosha kuzuia mshono usiwe mgumu wa kupasuka. Ukitumia 6013 hapo, mshono utashika kutu na kukatika. Sehemu ya ndani inayogusa maziwa mpe fundi wa gesi ya argoni, kwani inatakiwa laini ioshike.

Nafasi ya nne ni rodi za nikeli, ghali kuliko zote hizi, ambazo ni kwa ajili ya kasti, yaani chuma cha kumimina. Mashine za kukoboa mpunga za Igurusi na Ubaruku, puli na mifuko ya gia, vingi ni kasti, na ina kaboni kati ya asilimia 2 na 4, ndiyo maana rodi ya kawaida inaifanya ipasuke kama kigae. Kabla hujatoa fedha hakikisha kweli ni kasti: gusa na grainda. Cheche za kasti ni fupi, nyekundu iliyofifia. Za chuma cha kawaida ni ndefu na za njano angavu. Nunua E NiFe-CI, yenye nikeli nusu na ushei: nafuu kuliko ya nikeli tupu, na mshono wake una nguvu zaidi. Nikeli tupu ichukue pale tu utakapotoboa au kuchonga mahali hapo baadaye. Maduka mengine huuza moja moja, omba hivyo. Toboa tundu kila mwisho wa ufa, chomelea mshono kwa vipande vya sentimita mbili tatu, gonga kila kipande taratibu kwa nyundo kingali cha moto, subiri hadi mkono uvumilie kugusa, ndipo uendelee. Ukimaliza fukia kwenye majivu makavu. Maji, kamwe.

Ya tano ni rodi za kukinga msuguano, zenye kabidi ya kromiamu. Haziungi kitu, zinawekwa juu ya ncha ya plau ili ardhi yenye mchanga isiile haraka. Nyufa ndogo zinazoonekana juu yake ni za kawaida.

E6011 weka chache za dharura, inazama hata kwenye kutu. E6010 waachie wanaochomelea mabomba makubwa.

Na wewe unayenunua mabomba ya galvanaizi, saga zinki yote pembeni mwa kiungo kabla ya kuwasha. Moshi wake unaleta homa ya baridi usiku, na maziwa wanayokunywa mafundi hayazuii chochote. Fungua milango, kaa upande upepo unakotokea.

Kabla ya kuchukua katoni nzima, nunua rodi chache, unga vipande viwili vya flatibaa kwa umbo la T upande mmoja, kisha bamiza mpaka mshono ukatike. Ukiona matundu kama ya sponji au mistari myeusi ya gamba ndani, na unajua ampea zako zilikuwa sawa, katoni hiyo isifike karakanani.