Kupinga Faini ya Bustani ya Umma: kwa Barua au Ana kwa Ana?

Aliyetozwa faini na manispaa kwa kuvunja kanuni za bustani, tuseme kwa kumwachia mbwa bila kamba, mara nyingi huweza kuipinga kwa barua au kwa kufika mwenyewe shauri linaposikilizwa. Barua hutosha pale ushahidi unapojieleza: picha ya kibao cha kanuni kilichofunikwa na matawi, iliyopigwa siku ileile, haihitaji msemaji. Lakini ubishi ukiwa ni neno lako dhidi ya la askari aliyekuandikia, mimi ningefika, kwa sababu huko, akiwapo, unaweza kumuuliza alisimama wapi na aliona nini hasa, jambo ambalo karatasi haiwezi kulifanya. Vyovyote utakavyochagua, usikimbilie kulipa, kwani mahali pengi malipo huhesabiwa kuwa kukiri kosa.