Bakuli langu la bronzi na enameli kutoka Saint-Ouen: uzoefu wangu

Miezi minane sasa ninalo bakuli hili, na bado nikipita sebuleni nasimama kulitazama. Nililinunua pembezoni mwa Paris, kwenye soko la vitu vya kale la Saint-Ouen, karibu na Porte de Clignancourt, kwa euro 280. Bakuli ni la kioo kilichonakshiwa nyota, limekaa juu ya mguu wa bronzi uliochovywa dhahabu, na mguu mzima umezungushiwa maua ya enameli: buluu, kijani, na wekundu wa komamanga.

Enameli si rangi ya kupaka. Ni kioo kilichosagwa kikawa unga, kisha kikayeyushwa juu ya chuma kwa moto mkali. Ndugu yake ni ule utando mweupe wa vikombe vya bati tulivyonywea chai utotoni. Kwenye kazi hii, inayoitwa champlevé, bronzi huachwa na vishimo, fundi akavijaza unga huo, akachoma tanuruni, halafu akasugua mpaka kioo na chuma vikalingana. Ukipitisha ukucha, husikii vinapokutana. Katika karne ya 19 karakana ya Ferdinand Barbedienne, hapo hapo Paris, ilisifika sana kwa kazi hizi. Langu halina muhuri, na sikulipia jina.

Muuzaji aliniapia kwamba halijawahi kukarabatiwa. Nilipofika nyumbani nikalifuta kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, ukucha ukakwama kwenye ua moja la buluu. Nikaligonga taratibu. Maua mengine yote yanalia kama kioo, lile likatoa sauti ya plastiki. Limezibwa kwa gundi ya rangi. Nilirudi, akanirudishia euro 50 bila hata kuniomba radhi. Kilichoniuma ni ule uongo. Angeniambia ukweli ningelinunua vilevile.

Kwa hiyo ukienda, beba tochi ndogo na uombe kulipindua. Tazama nati ya chini inayoshika kioo: ikilegea bakuli hucheza, na ukiikaza kwa nguvu kioo hupasuka. Kulisafisha, kitambaa laini tu. Siki, amonia na mashine ya kuoshea vyombo, hapana kabisa.

Ramadhani tulitia tende humo. Taa ya mezani ilipopenya kioo, zile nyota zilitua kwenye kitambaa cha meza, na mama akasogeza sahani yake ili zionekane vizuri.