Chokaa ya tanuri kwa mnara wa mshairi: inafaa?

Inafaa, tena kuliko saruji, ila inunuliwe miezi mitatu kabla ya kazi kuanza. Hapo ndipo kamati nyingi zinapoteleza. Mji unataka kumjengea mshairi wake mnara, iwe mji wa Pemba kwa ajili ya Kamange na Sarahani, washairi wa kale wa kisiwa hicho, au Mkokotoni huko Unguja, inayotazamana na kisiwa cha Tumbatu cha mshairi marehemu Haji Gora Haji. Siku ya uzinduzi inatangazwa mapema, kisha fundi anaambiwa atumie saruji kwa kuwa inakauka upesi.

Mnara wenyewe ni wa jiwe la matumbawe, nalo lina vitundu vingi. Linanyonya maji ya mvua na ya ardhini, na maji hayo hubeba chumvi. Lipu ya chokaa huuacha unyevu utoke. Ya saruji huuzuia. Chumvi hujikusanya nyuma yake ikaganda, lipu ikavimba, na siku inapobanduka huondoka na uso wa jiwe. Mji Mkongwe ulijengwa kwa matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, na huko saruji iliyopigwa juu ya kuta za kale imeleta hasara ya namna hiyo hiyo.

Ubaya wa chokaa ya tanuri ni kwamba mifuko haifanani. Mawe yasiyoiva hubaki kokoto, na hayo hayana madhara zaidi ya kupunguza nguvu. Yaliyoungua kupita kiasi ndiyo mabaya: hukataa kuyeyuka pipani, halafu huja kufura ndani ya lipu baada ya wiki au miezi na kuacha vishimo. Kwa hiyo chekecha kwa wavu wa milimita 3 kabla ya kuloweka, na chekecha tena kabla ya kupiga tabaka la mwisho. Chokaa ikiwa na rangi ya kijivu, ina majivu ya kuni. Itumie kujengea, usiitumie kumalizia. Chokaa ya kiwandani ni laini na nyeupe zaidi, ila mfuko uliokaa sana dukani huwa umeshaingia hewa na kuganda. Ubonyeze; ukikuta mabonge, uache.

Loweka katika pipa kwa miezi hiyo mitatu, maji yapande sentimita 5 juu ya chokaa, na koroga mara kwa mara. Vaa glavu na miwani, maana ikiingia machoni inaunguza. Mchanganyo ni ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga wa shamba uliooshwa. Mchanga wa pwani unarudisha ile chumvi tunayoikimbia. Rowesha ukuta, piga matabaka matatu, kila moja lisizidi milimita 10, na usiongeze jingine mpaka la chini likatae kuingia ukucha. Funika kwa magunia mabichi wiki nzima. Jua la kaskazi likiipata lipu mbichi, inapasuka nyufa kama utando. Mvua ya masika inaiosha. Miezi ya kusi ndiyo mizuri.

Maandishi ni kazi nyingine. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yaliyochongwa katika matumbawe, lakini yamo kibla, chini ya paa. Nje tumia marumaru au shaba. Pima ubeti kabla ya kuagiza: mshororo wa mizani 16 una herufi 35 hadi 40 pamoja na nafasi, na kwa herufi za kimo cha sentimita 2 unahitaji bamba la sentimita 75 kwa upana. Bamba likiwa jembamba, mchongaji hukata mstari popote anapoishiwa nafasi, na ubeti unavunjika. Mwachie pengo la wazi kati ya ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, vina vya kati visimame safu moja, na mshairi wa mji aukague mchoro kabla patasi haijashuka.

Skrubu ziwe za shaba au chuma cha pua. Za chuma cha kawaida hupata kutu, hunenepa na kuyapasua marumaru kwenye pembe. Kila mwaka baada ya masika, paka mnara chokaa nyepesi. Rangi ya plastiki usiiguse, kwani inaziba sawasawa na saruji.