Siku sita na mama kwenye meli ya Carnival Spirit, kutoka bandari ya Mobile, Alabama

Mama alipokuja kunitembelea Atlanta mwanzoni mwa mwaka 2024, baridi ilimfungia ndani wiki tatu nzima. Amezaliwa Tanga na amekulia karibu na maji. Kumweka ghorofa ya tatu, aangalie magari tangu asubuhi hadi jioni, ilikuwa ni kumtesa. Nikaanza kutafuta meli ya kitalii, na nilitaka tuwe tumerudi kabla ya Ramadhani, ambayo mwaka ule iliingia Machi.

Mimi nilizijua bandari za Miami na Galveston tu. Dada mmoja kazini, mwenyeji wa Alabama, ndiye aliyeniambia kwamba mji wa Mobile una meli, ila ya msimu: wakati ule ilikuwa ikija Oktoba, na Aprili ikiondoka kwenda Seattle kwa safari za Alaska, ikipitia Mfereji wa Panama. Akanisihi niende kuiona bandari yao sasa ikiwa hai. Alilisema jambo hilo kwa uchungu, na baadaye nilielewa kwa nini. Jengo la abiria la Mobile lilifunguliwa mwaka 2004. Mwaka 2011 kampuni ya Carnival ilihamishia meli yake New Orleans, na jiji likabaki na jengo tupu na deni la kulijenga. Meli ikarudi 2016, janga la 2020 likasimamisha kila kitu, ikaja nyingine 2022 kwa miezi michache, na hatimaye Oktoba 2023 ikaja hii Carnival Spirit.

Nilipomsimulia mama, hakushangaa hata kidogo. Tanga tumeishi hivyo. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali, kilomita 1.7 kutoka gatini, mizigo ikaletwa kwa matishari, na wafanyabiashara wakakimbilia Dar es Salaam na Mombasa, hadi bandari ilipochimbwa kufikia kina cha mita 13 na gati jipya likajengwa. Mama anakumbuka vizuri zile asubuhi ambazo bandari iko palepale na hakuna kibarua anayeitwa.

Kabla sijafika kwenye safari yenyewe, niseme la hati, maana najua wengi mnaogopa hapo. Meli ilikuwa inakwenda Cozumel na Progreso, bandari mbili za Mexico, na wakala mmoja wa safari alitaka nimlipe ili amshughulikie mama viza ya Mexico. Hakuhitaji. Mexico haidai viza yake kwa mwenye viza ya Marekani ambayo bado ni halali, wala kwa mwenye green card (kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani), mradi uwe na pasipoti. Cha kuangalia ni kwamba viza ya mzazi iwe ya kuingia mara nyingi na iwe bado hai siku mtakayorudi. Mama alikuwa na pasipoti yake ya Tanzania na viza ya kutembea, mimi na pasipoti na green card yangu, na hakuna aliyetuuliza kitu kingine, si kwenda wala kurudi. Nusura nitoe pesa bure kwa kutojua, ndiyo maana naliandika hapa wazi.

Kutoka Atlanta unashika barabara ya I-85 hadi Montgomery, kisha I-65 hadi Mobile, kama saa tano hivi. Saa za Alabama ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo unafika na muda wa ziada. Sisi tulienda siku moja kabla, na nakushauri ufanye hivyo. Mardi Gras, sherehe yao ya magwaride na shanga, ilikuwa imepita wiki mbili tu, na shanga za plastiki za rangi zote zilikuwa bado zinaning'inia kwenye matawi ya mialoni katikati ya mji. Mama alidhani ni matunda.

Jioni ile nilimpeleka Africatown, dakika chache kwa gari kutoka bandarini. Julai 1860, zaidi ya miaka 50 baada ya Marekani kupiga marufuku kuingiza watumwa, jahazi la Clotilda liliingia kwa siri ghuba ya Mobile likiwa na Waafrika 110 waliotolewa Dahomey, nchi tunayoiita Benin leo. Kisha likachomwa moto ili kuficha ushahidi. Mabaki yake yalithibitishwa mwaka 2019. Walionusurika, walipopata uhuru, walitaka kurudi kwao wakakosa nauli, wakanunua ardhi na kujenga mtaa wao wenyewe. Kuna nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa Julai 2023. Mama alikaa ndani muda mrefu kimya, kisha akasema jina moja tu: Pangani, bandari yetu ya zamani ya watumwa. Ukienda Mobile kupanda meli ukaruka mahali hapa, umeikosa sehemu kubwa ya mji huo.

Kupanda meli kulikuwa kwepesi mno. Gari linaegeshwa palepale kwenye jengo la bandari, unavuka, unaonyesha hati, unaingia. Siku ile meli ilikuwa moja tu. Wafanyakazi wa bandari, wengi wao watu wazima wa mji ule, walikuwa wakituaga mmoja mmoja kama wanaosindikiza wageni wa nyumbani. Mama alishikwa mkono hadi mlangoni na mzee mmoja aliyemwambia kwamba yeye huja kila meli inapokuwepo.

Jambo lililonifanya niipende safari hii kuliko nyingine yoyote ni kutoka kwake. Mobile haiko baharini hasa. Iko mtoni, mwanzo wa ghuba, na bahari kuu iko kama kilomita 50 kusini. Maji ya ghuba ni haba, kwa hiyo meli inafuata mkondo mwembamba uliochimbwa, polepole, rubani akiwa juu. Mnaiacha karakana ya meli za kivita ng'ambo ya mto, mnayaacha majengo marefu ya mjini, kisha saa nzima na zaidi mko katikati ya ghuba tulivu na ndege wa baharini wanaruka sambamba nanyi. Katikati ya maji kuna mnara wa taa wa mwaka 1885, nyumba ya mbao yenye pande sita iliyosimama juu ya nguzo, kana kwamba mvuvi amejijengea dungu. Kisha mlangoni mwa ghuba, ngome mbili, Fort Morgan upande mmoja na Fort Gaines upande wa pili. Tulikaa kwenye roshani ya chumba chetu, mama amejifunga kanga juu ya koti, na hakutaka kuingia ndani hata kula. Magharibi ilipoingia simu ilituonyesha kibla ni kaskazini mashariki. Meli ikielekea kusini, yeye alisali ameelekea nyuma, tulikotoka.

Carnival Spirit si meli mpya. Ilijengwa Finland, ikaanza kazi mwaka 2001, na inachukua abiria wapatao 2,100 ukihesabu wawili kwa chumba. Anayetaka majengo ya michezo na vivutio vya kila aina atafute zile kubwa za Florida. Kwa mzee, ukubwa huu unafaa zaidi: vyumba vingi vina roshani, na hakuna safari ndefu kutoka kitandani hadi mezani. Mchana bwawani kuna muziki na watu wengi, kwa hiyo tulikuwa tunakaa sitaha za pembeni zenye kivuli. Kwa chakula, mama hakugusa nyama. Alikula samaki, na tuliagiza mlo wa mboga wa Kihindi ambao wanaupika ukiomba mapema. Wali, dengu, kachumbari, pilipili. Akasema huu ni msosi wa nyumbani. Kijana wa mezani alitoka Java, na alipoona mtandio wa mama alimwamkia kwa salamu ya Kiislamu. Tangu siku hiyo alikuwa "mwanangu", na chai yake ilikuja bila kuagizwa. Bakhshishi ya wafanyakazi ilikuwa dola 16 kwa mtu kwa siku, yaani dola 192 kwetu wawili. Iweke kwenye hesabu tangu mwanzo.

Cozumel ni nzuri, maji yake ni ya buluu, na maduka ni mengi. Tulitembea kwa muda wa saa mbili tukarudi.

Progreso ndiko nilikolia. Ufuo wa jimbo lile la Yucatán ni wa maji haba hata meli kubwa haziwezi kusogea, kwa hiyo gati lao limeingia baharini kilomita 6 na nusu. Unapanda basi juu ya bahari hadi mjini. Kutoka hapo tulichukua safari ya kwenda shamba la zamani upande wa mji wa Mérida, na sikumwambia mama tunakwenda kuona nini.

Aliuona mstari wa kwanza akaujua. Mkonge. Wenyewe wanauita henequén, na ni ndugu wa wetu, si uleule hasa, lakini Mexico ndiko asili ya yote miwili. Jina la sisal linalotumika duniani kote ni la bandari ndogo iliyo magharibi ya Progreso. Singa, yaani nyuzi za mkonge, zilipakiwa pale na jina likasafiri nazo. Progreso ilipoanzishwa miaka ya 1870 meli zilihamia huko, Sisal ikabaki kijiji. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Mashamba yote ya Korogwe, Muheza na Pangani yalianzia kwenye miche hiyo.

Babu yangu mzaa mama alitoka Kigoma kama manamba, yaani kibarua wa mkataba mashambani, akakata mkonge hadi mgongo ukapinda. Mama alimsogelea mkataji wa pale, akaomba jani, akamwonyesha kwa ishara jinsi baba yake alivyokuwa akiitoa miiba kwanza. Yule bwana alicheka kwa furaha, akamwonyesha kwamba nao hufanya hivyohivyo. Kisha tukaingia kwenye kibanda cha mashine, wakaiwasha. Korona! (Mashine ya kukamua mkonge, si ugonjwa.) Majani yanaingia upande huu, singa zinatoka upande wa pili zikidondosha maji ya kijani, na harufu ile ile chachu. Mama aliweka kiganja mdomoni. Sikuwahi kumwona akimlilia babu tangu tumzike.

La kukuonya ni mawili. Zima data ya simu kabla hamjatoka ghubani. Mimi nilisahau, simu ikajiunga yenyewe na mtandao wa baharini, na kampuni yangu ya simu ikanitoza zaidi ya dola 60 kwa usiku mmoja. La pili ni ukungu. Majira ya baridi ghuba ya Mobile hufunikwa alfajiri, na meli haiwezi kuingia mkondo ule mwembamba bila kuona. Sisi tulisubiri nje kwa muda wa saa tatu. Nilikuwa na zamu ya usiku siku hiyo hiyo, ikabidi nimwombe mwenzangu anishikie. Omba ruhusa ya siku moja zaidi.

Mama ukungu haukumsumbua. Tulipofunga gati na mtandao wa kawaida ukarudi, kabla hatujafika hata kwenye foleni ya uhamiaji, alikuwa ameshampigia mjomba Muheza. Huko ilikuwa jioni. "Kaka," alimwambia, kwa sauti ya juu hata watu wakageuka, "nimefika kwao mkonge. Korona yao ni ileile. Toroli lao linavutwa na nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi. Na wanakata kama baba."